Juzuu la Tatu Liko kwa Fundi

Mheshimiwa Meya na Mama Meya, Baba Mchungaji, Mheshimiwa Crabtree, Mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba ya Hallowby, mabwana wa Kamati mliokalia viti vya mbele ingawa hatujawahi kumwona hata mmoja wenu akiazima kitabu, na ninyi kina dada mliosimama huko nyuma, ambao vitabu mmevimaliza: habari za alasiri.

Mimi ni Hester Ackroyd, fundi saa wa Mtaa wa Kanisa. Nimeombwa nimuage Bi Tabitha Garside, mtunza maktaba wetu, ambaye anastaafu leo kwa hiari yake mwenyewe, kama Kamati ilivyomwarifu Jumatatu.

Wageni wetu kutoka Leeds huenda hawana habari, basi niwape. Riwaya zetu hutoka kwa majuzuu matatu, hadithi moja imegawanywa vitabu vitatu. Katika la kwanza, msichana yatima anaapa mbele ya mjomba wake kwamba hatalishwa na mtu. Katika la pili anafanya kazi, anafundisha watoto watukutu wa matajiri, anadharauliwa mezani, lakini mkate anaoula ni wake. Na katika la tatu? Hapo ndipo sisi wasichana wa Hallowby tulipokwama.

“Bi Garside, la tatu liko wapi?”

“Kwa fundi wa majalada, mwanangu. Kurasa zimelegea.”

“Na la ile riwaya nyingine?”

“Huko huko. Siku hizi riwaya zinalegea sana mwishoni.”

Tukaamini. Tungemshuku vipi mwanamke aliyekuwa akituambia tunawe mikono kabla ya kushika kitabu?

Basi Bwana Enoch Sugden, ambaye namwona pale karibu na keki, aliponiposa, baba yangu alikuwa ameshafariki na duka la saa halina mtu. Akaniambia kwa upole, “Hester, duka tutaliuza, wewe upumzike.” Nikamuuliza, “Nipumzike nimechoshwa na nini?” Hakuwa mtu mbaya, na keki anaijua. Ila nilikuwa nangoja nijue yule dada wa kwenye riwaya alifanyaje, na kwa kuwa jibu halikupatikana, asubuhi yake nikafungua duka. Dorcas Lumb naye alikuwa akingoja jibu hilo hilo. Leo ndiye anayewachanganyia dawa ya kikohozi, mabwana, na bado mnakohoa kwa raha zenu.

Mheshimiwa Crabtree aliwahi kuuliza mbele ya watu, “Hivi wasichana wa mji huu wamerogwa, mbona hawaolewi?” Hakurogwa mtu, Mheshimiwa. Tulikuwa tunasubiri kitabu.

Mwezi uliopita paa la maktaba likavuja. Mafundi wakapanda darini, wakakuta majuzuu ya tatu yote, makavu, yamefungwa vizuri kwa turubai. Mwenyekiti akaja mbio na kofia mkononi.

“Bi Garside! Hii ni nini?”

“Ala,” akasema, “kumbe yamesharudi.”

Nikaazima moja, nikalisoma dukani. Yule dada yangu wa riwayani, aliyewashinda mjomba, njaa na watoto wa matajiri, anaugua homa, anaamka, anamkuta bwana mwenye shamba kapiga magoti, anasema ndiyo, kengele zinalia. Nilirudi nyuma kutazama kama fundi amechanganya kurasa. Nililia, nasema kweli, na si kwa furaha ya harusi.

Kina dada, mwenye kutaka kuolewa na aolewe, nitamtengenezea saa ya ukutani kwa moyo mweupe. Lakini Bi Garside alitupa nafasi ya kuutunga mwisho sisi wenyewe, na kwa kosa hilo Kamati leo inamzawadia saa. Nimeitazama. Haitembei.

Nimemsikia pia Bwana Josiah, kaka yake, akitangaza kwamba chumba cha nyuma kiko tayari, na kwamba dada yake atamtilia chai na kumshonea soksi maisha yake yote yaliyobaki. Mmempigia makofi. Kuna aliyemuuliza mwenyewe?

Sisi wasomaji wake tumekodi vyumba viwili juu ya duka langu. Ufunguo huu hapa, nauweka mezani. Simkabidhi mkononi, maana hapo nitakuwa nimemwandikia juzuu la tatu kama wenzangu waliotangulia kuzungumza. Bi Garside, unakwenda wapi?

Hapana, Bwana Josiah, kaa. Ameulizwa yeye.

Ahsante, Bi Garside. Mlioko nyuma mmesikia? Kwa wasiosikia, amesema: “Josiah, majani ya chai yako kwenye kopo la kijani. Maji utayachemsha mwenyewe.” Na ufunguo, kama mnavyoona, mezani haupo tena.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, hata ninyi mliokuwa hamtaki. Chai iko tayari. Mabwana, leo kila mtu ajimiminie.