Madam Chesang Anastaafu, na Wivu Wangu Bado Upo

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Jepkorir Chesang anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kumi na minne kati ya hiyo amekuwa mkuu wa mafunzo ya utafiti wa tiba katika chuo chetu hapa Kitale. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimefanya kazi naye muda mrefu kuliko wote waliobaki. Aliyeniomba hakujua kwamba muda mwingi wa miaka hiyo nimekuwa nikimwonea wivu.

Alianza kama muuguzi Bungoma mwaka wa 1994, akasoma huku akifanya kazi. Nafasi ya mkuu wa mafunzo ilipotangazwa mwaka wa 2011, tuliiomba sote wawili. Mimi nilikuwa na shahada ya uzamili. Yeye alikuwa bado anaandika tasnifu. Akachukuliwa yeye. Nilimpa mkono wa pongezi, kisha kwa miezi miwili nikawa nakunywa chai peke yangu, mlango nimeufunga.

Darasani ndiko alikoniumiza zaidi. Wanafunzi wangu walisinzia. Wake aliwapeleka jikoni kwa mpishi wetu, Mama Edinah, wamweleze utafiti kama vile wanamwomba ajiunge. Mama Edinah akisema, "Hapo bado sijashika, bana," walianza upya. Kicheko chao kilinifikia ofisini, nami nikajiambia ati huo ni mchezo, si ualimu.

Mwaka wa 2017 nilisimamia utafiti wa dawa ya malaria kwa watoto kule Sirisia. Tulikuwa nyuma ya ratiba. Asubuhi moja Madam alikuja na wanafunzi wake, akaketi kando ya mama mmoja aitwaye Nangila, ambaye alikuwa ametia sahihi fomu ya ridhaa dakika chache tu zilizopita.

"Mama, ungekataa kujiunga, mtoto angetibiwa?" alimuuliza.

"Si daktari alisema wasiotaka waende nyumbani?" Nangila akajibu. "Ningeenda aje na mtoto anachemka hivi?"

Daktari huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesema hivyo kwa haraka, bila kuongeza kwamba kila mtoto angepewa matibabu ya kawaida, ajiunge asijiunge. Madam alisimamisha usajili siku hiyo hiyo na kuiandikia kamati ya maadili. Nilimfokea mbele ya watu kwamba anataka kuniharibia jina.

"Levi, jina lako utalitengeneza," alisema. "Huyu mama ametia sahihi kwa woga. Tuanze na yeye."

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, familia arobaini na mbili, tukiuliza upya. Tisa walijitoa, na watoto wao wakaendelea kutibiwa. Utafiti ulichelewa miezi minne lakini ulikamilika.

Baadaye aliniomba nilifundishe kosa lile mimi mwenyewe. Nilikataa mwaka mzima. Siku nilipokubali, hakuna aliyesinzia, na ndilo somo langu pekee ambalo wanafunzi wamewahi kunifuata nje kunishukuru. Nilifurahi, kisha roho ikaniuma: hata somo hilo lilikuwa wazo lake.

Watafiti zaidi ya mia tatu wamepita mikononi mwake. Wengine wanaongoza vituo Bungoma na Chwele, na wakipiga simu chuoni humuulizia yeye.

Jumatatu mimi ndiye nitakayekaimu nafasi yake. Juzi wanafunzi waliniletea barua wakiomba Madam aendelee kuja kufundisha kila Alhamisi. Niliiweka mezani siku mbili. Leo nimeitia sahihi, nikaongeza chini kwamba nami ningependa kuketi darasani.

Asante, Madam, kwa yale yote uliyotufunza, na kwa yale uliyonivumilia. Tunakutakia afya njema na miaka mingi ya utulivu shambani kwako Ndalu. Nasikia mahindi yako mwaka huu yamewashinda majirani wote. Nawaelewa sana majirani hao.

Levi Wekoye
Idara ya Mafunzo