Matundu ya Fundi Taratibu

Wasikilizaji wapendwa, kuna maneno yaliniingia sikioni nikiwa kwenye foleni ya maji, na mpaka leo hayajatoka. Mama mmoja mbele yangu aliinama, akatazama maji yanavyochuruzika kwenye ndoo yake, akasema, "Si yule fundi, anatoboa pampu. Anaitoboa makusudi iharibike, aitwe tena." Nyuma yangu mtu akacheka. "Ndiyo maana siku hizi ukiweka ndoo unaweza kwenda kusuka nywele ukarudi."

Mimi sikucheka. Lakini sikukataa pia. Na fundi aliyekuwa akisemwa ni mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Leo tunamkumbuka yeye. Mlimwita Fundi Taratibu, kwa sababu kila mlipomharakisha alijibu, "Taratibu, chuma hakina haraka." Amefariki akiitoa pampu ya kisima chetu. Kwa aliyefungua redio sasa hivi, nasema tena: Fundi Taratibu hatunaye, na amefariki akiitoa pampu ileile tuliyosema ameiharibu. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo mambo ya mashine nitayaeleza kama alivyokuwa akiyaeleza nyumbani kwake.

Alikuwa na mdomo. Msimfikirie kuwa mtu mpole wa kukaa pembeni. Dada yake mkubwa ananiambia hivi: "Alipokuwa mdogo alifungua saa ya ukutani ya baba. Akairudisha, ikawa inakwenda kinyumenyume. Baba akamchapa. Analia huku anauliza, lakini si inakwenda?"

Siku aliyokuja kujitambulisha kwetu alivaa shati jeupe. Tukiwa katikati ya salamu, pampu ya jirani ikaanza kukoroma. Akainua kidole. "Samahani mama," akasema, "hiyo inakufa." Mume wangu akaja kuniambia jikoni, "Huyu hataacha kazi akaenda kulewa. Huyu hata harusini atasikiliza pampu."

Tangu siku hiyo tukawekeana heshima ya mtu na mkwewe. Nikiingia sebuleni, anasimama. Nikikaa, anatafuta sababu ya kutoka. Maneno yetu yalikuwa shikamoo na marahaba, karibu mama na asante baba. Nikiwa na jambo la kumuuliza, nilimpitishia binti yangu, au nilinyamaza. Pakumbukeni hapo, wasikilizaji.

Sasa pampu yenyewe. Ndani ya pampu ya kisima kirefu mna magurudumu madogo, mafundi huyaita impela. Yamepangwa moja juu ya jingine kwenye fimbo moja ya chuma, nayo wanaiita shafti. La chini linasukuma maji kwa la pili, la pili kwa la tatu, hivyo hivyo mpaka tangini. Lakini impela ikisukuma maji juu, maji nayo yanaikandamiza impela chini. Mgongoni kwake maji yana nguvu, tumboni hayana. Kila impela inakandamizwa kidogo, na mzigo wote unashuka na shafti mpaka kwenye beringi moja, kile chuma kinachoibeba shafti ikizunguka, chini kabisa.

Binti yangu anakumbuka alivyomwambia. "Ni kama watoto wanaopandiana mgongoni. Kila mmoja ni mwepesi. Ila wa chini ndiye anayelia."

Beringi ile ilikuwa ikisagika kila mara. Anaweka mpya, inasagika. Ndipo akaamua kuipunguzia mzigo. Akatoboa matundu madogo kwenye mgongo wa kila impela, kuizunguka shafti, na nyuma yake akaweka pete ya chuma ya kuzuia yasipite maji mengi mno. Maji yenye nguvu yakapata pa kupenyea, yasibanwe mgongoni yakaikandamiza. Siku hiyo alichukua sinia la binti yangu, akatoka nalo kwenye upepo. "Linanisukuma," akasema. Akarudi akachukua chujio. "Hili halinisukumi. Umeona?"

"Nimeona," binti yangu akamjibu. "Nirudishie chujio langu kabla hujalitia grisi."

Lakini kila dawa ina uchungu wake. Maji yanayopita kwenye matundu hayafiki tangini. Aliiambia kamati ya maji waziwazi: maji yatapungua kidogo, beringi itaishi. Tulishika neno moja tu, yatapungua.

Mimi matundu yale niliyaona. Nilikwenda kwa binti yangu nikakuta impela zimepangwa juu ya jiwe la kufulia, zinang'aa, kila moja ina matundu yake mapya. Mkwe wangu alikuwa hapo na mashine ya kutobolea. Akaiweka chini, akasimama. "Shikamoo mama." Swali lilikuwa ulimini. Nikasema, "Marahaba baba, poleni na kazi," nikapita ndani. Nikazungumza na binti yangu habari za mapazia.

Halafu ndipo nikayasikia yale ya kwenye foleni. Mtu akiwa na shaka na mwingine akaleta maneno, viwili hivyo hukutana haraka kuliko unga na maji.

Kamati ikaita mkutano. Yeye alikuwa kwenye kisima kingine, kazini. Mwenyekiti wetu, mama muuza mkaa ambaye wengi mnamjua kwa sauti yake, akanigeukia. "Wewe ni mtu wa redio, na yule ni mkweo. Tuambie, ametoboa au hajatoboa?"

Nikasema, "Matundu nimeyaona kwa macho yangu."

Sikuongeza neno. Mwenyekiti akapiga kofi paja lake. "Basi. Mama mkwe mwenyewe kasema. Tunabishana nini tena?"

Wakaitoa pampu, wakamwita fundi wa kuchomelea, akayaziba matundu yote. Pampu ikarudishwa kisimani. Maji yakaja kwa kishindo, ndoo zikajaa upesi, na pale kwenye foleni watu wakaambiana, mmeona? Mimi pia nilijaza ndoo zangu.

Beringi ilivumilia kadiri ilivyoweza. Kisha pampu ikaanza kukoroma, na baadaye ikakwama kabisa. Beringi ilikuwa imesagika, impela zikashuka na kukwaruza chuma cha chini. Tangi likakauka. Mwenyekiti akaenda mwenyewe kumwita Fundi Taratibu.

Akaja. Alipita karibu yangu pale kwenye geti la kisima, mnyororo begani. "Shikamoo mama." Nami, marahaba baba. Lile lile. Watu walikuwa wamejaa na madumu matupu. Mmoja anapaza sauti, "Fundi, watoto hawajaoga." Mwingine, "Ulituharibia, sasa fanya upesi." Akajibu "Taratibu" mara ya kwanza. Akajibu mara ya pili, akicheka. Mara ya tatu hakujibu. Bomba linaloning'iniza pampu kisimani lilikuwa limeloa. Kibano kinacholishika hukazwa, kisha hukazwa tena kabla ya kuvuta. Siku hiyo kilikazwa mara moja. Bomba likaponyoka kwenye winchi, ile mashine ya kuvutia, likampiga kifuani.

Mwenyekiti ameniruhusu niseme maneno yake. "Aliyekuwa akimharakisha zaidi ni mimi. Sasa hata mjukuu wangu akichelewa shule, siwezi kumwambia fanya haraka. Neno halitoki."

Fundi wa kuchomelea naye amekuja kukaa nami. Kasema, "Niliambiwa ziba, nikaziba. Matundu yalikuwa yameachana sawasawa, kila impela. Mharibifu hatoboi kwa kipimo. Niliona hilo, nikawasha moto."

Baada ya mazishi nilimwambia binti yangu kwamba mkutanoni aliyesema ni mimi. Alikuwa akikunja ovaroli za mumewe. Hakuacha kukunja. "Alijua," akaniambia. "Alirudi nyumbani akasema, mama hakusema uongo, matundu yapo. Ila hakuniuliza tu. Kisha akaomba chai."

Wasikilizaji wapendwa, hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Angenitukana ningekuwa na pa kuegemea.

Kwa dada yake mkubwa na ndugu zake wote, poleni sana. Kwa binti yangu, najua unanisikiliza kwa sababu redio yako niliiacha imewashwa: pole, mwanangu. Nikikwambia nyumbani unaondoka chumbani, na huna kosa. Impela mpya zimefika, na hazina matundu. Umesema utasimama pale zikitobolewa, na utakuwepo pampu ikishushwa. Sikukatazi. Nakuomba tu usisimame chini ya mnyororo.

Na ninyi wengine, kila mmoja akae na nafsi yake leo ajiulize ni nani anayemsema bila kumuuliza. Mimi nawaachia ya kuepuka. Ni machache, yashikeni.

Usiseme ulichokiona kabla hujajua ni cha nini.

Usipeleke kwa kamati swali ambalo mwenyewe anaweza kulijibu akiwa kwake.

Usifanye heshima ya ukwe iwe pazia la uoga.

Usimzungumzishe mtu anayevuta bomba. Usimharakishe. Kama una dumu tupu, kaa nalo nyumbani.

Usivute bomba kabla kibano hakijakazwa mara ya pili.

Usifurahie ndoo iliyojaa upesi bila kuuliza nani huko chini amebeba mzigo.

Na matundu yale, msiyazibe.