Folda ya Shemeji

Ndani ya basi, mama aliyempakata mwanawe aliwasikia wawili wa kiti cha mbele. Binti mwenye kompyuta mapajani alikuwa akienda kwenye usaili wa kazi, na tovuti yake, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, ilikuwa imegoma kuwaka.

"Kwenye kompyuta ya shemeji inawaka," alilalama. "Na nimehamisha kila kitu, hadi folda ya mazingira, ile yenye vifaa vyote vya Python."

"Ndiyo kosa, dada," alisema jirani yake, ambaye hakuulizwa. "Folda hiyo inatafuta Python iliyo kwenye kompyuta ya shemeji yako. Ifute, uunde yako."

"Niifute, kaka? Shemeji kahangaika nayo wiki nzima."

"Basi waambie wamwajiri yeye."

Mama akainamia kichwa cha mwanawe asionekane anacheka. Basi likasimama. Binti akashuka kompyuta ikiwa wazi, kidole juu ya kitufe cha kufuta, bado hajakibonyeza.