Wimbo Mmoja, Mwepesi, wa Filamu

Na wewe acha kuguna. Hata neno la kwanza halijatoka, tayari umeshabinua mdomo kama mtu aliyepewa dawa ya minyoo. Unasema haiwezekani wanaume watatu wazima, wenye ndevu na vitambulisho, wakajifungia karibu saa mbili kumchagulia mtoto wa miaka saba wimbo wa piano. Haiwezekani kwenu. Hapa iliwezekana, na kahawa ikaisha. Kaa usikie, na kama hutaki, nenda kaoshe vyombo.

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao mbele ya chumba cha Bibi Pindo, fundi cherehani, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna suruali mtaani ambayo hakuipinda miguu. Siku hiyo mvua ilianza mchana, kwa hiyo benchi likaingizwa ndani, likabanwa kati ya meza ya kukatia na gunia la vipande vya vitambaa, na waliolikalia wakaingia nalo kama kunguni waingiavyo na godoro. Wa kwanza alikuwa Projekta, aliyefanya kazi jumba la sinema; mwenyewe anasema aliendesha mashine, wanaomfahamu wanasema alichana tiketi mlangoni. Wa pili Refa, ambaye hajawahi kushika filimbi, ila hakuna ugomvi wa watu asioutolea kadi. Wa tatu Fundi Kufuli, mchonga funguo, mkwe wa Bibi Pindo na baba wa huyo mtoto. Bibi alikuwa kwenye cherehani, anashona gauni la mjukuu la siku ya onyesho la piano, jeupe lenye mkanda wa buluu. Mkononi mwa mkwewe kulikuwa na karatasi ya mwalimu wa piano. Mkewe alimwachia asubuhi akienda zamu hospitali: achague wimbo mmoja, mwepesi, wa filamu, na jina limfikie mwalimu kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtoto ambaye jina la wimbo wake halitafika, siku ya onyesho atakaa na watazamaji. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro robo.

—Nyimbo ziko saba, akasema Fundi Kufuli. Kila mmoja mwalimu kauwekea nyota. Hizi hapa tatu zina nyota moja moja, hizi nyingine nyota mbili mbili, huu wa mwisho nyota tatu.

—Sasa hapo kuna mjadala gani? akasema Refa. Nyota tatu. Wewe utamlaza mtoto wako kwenye gesti ya nyota moja?

—Simlazi.

—Basi usimpigishe.

—Tena huyo mwalimu kawatega, akadakia Projekta. Anataka ajue mzazi gani anajithamini na yupi wa hivi hivi.

Fundi Kufuli akachomoa kalamu sikioni. Bibi Pindo hakuinua macho, mguu wake bado uko kwenye pedali.

—Mkwe, soma mstari wa chini kabisa.

—Maandishi madogo sana haya, mama.

—Na meno ya funguo unazochonga ni makubwa? Soma.

Akasoma, kwa sauti inayoshuka. Nyota moja, kwa anayeanza. Nyota tatu, kwa aliyesoma miaka mitano na zaidi.

—Mwanao kasoma muda gani?

—Miezi sita, mama.

Kalamu ikarudi sikioni. Refa akapiga funda la kahawa, akafikiri.

—Maandishi madogo ni faulo, akaamua.

Bibi Pindo alidhani yameisha. Nyimbo tatu, nyepesi, chagua mmoja, vaa koti, nenda. Lakini alisahau kwamba kwenye benchi lake alikaa Projekta, na Projekta akishasikia neno filamu, hashuki mpaka taa ziwashwe.

—Nitajie hizo picha, akasema, huku anafumba macho kama mganga.

—Wa kwanza ni wa katuni. Yule bata mdogo anayevuka barabara.

—Toa. Hiyo picha naijua, nimeionyesha mara arobaini. Yule bata anamtoroka mama yake. Unamfundisha mtoto utoro.

—Si anarudi mwishoni?

—Anarudi dakika ya themanini. Wimbo uko dakika ya kumi. Mtoto wako akiwa anapiga, bata bado mtoro!

Fundi Kufuli akaukata wimbo wa bata kwa mstari mmoja mnene. Bibi Pindo akakata uzi kwa meno, akaona afadhali kwanza amalize mkono wa gauni kabla hajasema neno.

—Wa pili, wimbo wa kubembeleza mtoto. Anauimba mke wa mlinzi wa reli.

—Ooh, akasema Projekta, na sauti ikamlainika. Yule mlinzi anakufa.

—Anakufaje?

—Treni.

—Wakati wa wimbo?

—Baadaye kabisa. Lakini aliyeiona picha anajua. Wimbo ukianza tu, ukumbi mzima machozi.

—Sasa ubaya uko wapi? akauliza Refa. Mwaka jana mtoto wa mwenye duka la dawa alipiga kwa mikono miwili, akapewa nini? Makofi. Wewe wako akiwaliza watu, umemfunga tatu bila.

Hapo Fundi Kufuli akakaa wima. Huyo mwenye duka la dawa alikuwa amempiga mwanawe picha ya video kwa simu, onyesho zima, na mpaka leo ukienda kununua dawa ya kikohozi lazima uitazame ndipo upewe.

—Lakini mzazi wa mtoto anayeliza watu, akasema taratibu, si wataanza kuuliza huko nyumbani kuna nini?

—Wataanza, akakubali Projekta. Watasema mama yuko zamu kila siku, mtoto ana huzuni.

Mlinzi wa reli naye akakatwa, akafa mara ya pili.

—Haya, wa tatu. Wimbo wa harusi, kwenye ile picha ya kuchekesha.

—Ile ya bibi harusi anayekimbia na dereva? akauliza Projekta.

—Hiyo hiyo.

Refa akatazama chini, akakohoa.

—Jamani. Mke wa mwenye duka la dawa alikimbia na nani?

—Na dereva, akanong'ona Fundi Kufuli.

—Na mwenye duka la dawa atakaa kiti gani?

—Cha mbele. Na simu yake.

—Atasema tumemlenga, akasema Refa. Atasimama katikati ya onyesho. Atatuburuza mahakamani, na mimi sitakuwa shahidi wa mtu.

—Piano haina maneno, akasema Bibi Pindo. Nani atajua ni dereva au ni kondakta?

—Piano haina maneno, Bibi, lakini watu wana akili.

—Wangekuwa nayo, wewe ungekaa kwako.

Refa akataka kumpa kadi, akaukumbuka mkasi wa kukatia ulioko mezani, akaiacha mfukoni. Mstari wa tatu ukachorwa. Nyimbo nyepesi zikawa zimekwisha, na saa ikawa saa kumi na robo.

Ndipo Projekta akasimama. Akavuta suruali juu, akasema karatasi ya mwalimu ni ya watoto wanyonge, na kwamba yeye anao wimbo ambao haumo kwenye karatasi yoyote. Jemadari anarudi kutoka vitani. Farasi elfu moja. Vumbi. Stelingi, huyo jemadari mwenyewe, yuko mbele, kidonda begani, anakataa kufungwa bendeji.

—Huo ni mwepesi? akauliza Fundi Kufuli.

—Wimbo wenyewe mwepesi, ni pa pa paa, pa pa paa. Uzito uko kwa farasi.

—Na farasi tunawatoa wapi?

—Sisi hapa! akasema Refa, na macho yakamwaka. Mimi nagonga birika la kahawa kwa kijiko, hizo kwato. Wewe Fundi una pete yako ya funguo mia mbili. Ukiitikisa, hizo panga na hatamu.

Fundi Kufuli akaitoa ile pete mkandani. Akaitikisa kidogo, kama mtu anayejaribu kitu dukani. Akaitikisa tena kwa nguvu, na uso wake ukabadilika, kwa sababu maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba funguo zake zinaweza kuwa jeshi. Wakaanza. Birika likalia, funguo zikalia, Projekta akawa jemadari, akajigonga begani penye kidonda, pini za Bibi zikarukaruka kikoponi juu ya meza.

—Na mtoto? akapaza sauti Bibi Pindo.

—Mtoto yumo! akajibu Projekta. Anaingia katikati, farasi wakipumzika.

Kelele hizo hazikuwaruhusu kusikia hodi. Mlango ulifunguliwa na fundi bomba mmoja mwembamba, maji yanamchuruzika, suruali iko kwenye mfuko wa plastiki.

—Shikamoo, mama. Nilitaka unipindie hii.

—Marahaba, baba. Weka hapo, hawa wakishuka kwenye farasi nitakupima.

Farasi wakasimama. Refa, mwenye mazoea ya kuokota mashahidi popote, akamvuta mgeni kwenye benchi, akamweleza yote, bata, treni, dereva na jemadari, na muda unavyokwenda, na mtoto atakavyokaa na watazamaji jina lisipofika.

—Wewe huna upande, akamalizia. Amua.

Mgeni akajikuna kichwa.

—Mimi picha hizo sizijui. Ila huyo mtoto, akipiga, anapigaje?

—Anapigaje vipi?

—Anapiga pole pole au haraka? Anakosea wapi? Nyinyi mliomsikia.

Projekta akamtazama Refa. Refa akasema yeye anakaa mtaa wa pili. Wote wawili wakamgeukia Fundi Kufuli.

—Mimi ni baba yake, akasema Fundi Kufuli.

—Basi wewe umemsikia.

—Anapiga na hedifoni.

—Hedifoni?

—Kile kinanda cha nyumbani kina tundu la kuchomekea. Nilizinunua mwenyewe, siku ile ile ya kwanza. Nzuri sana. Nikirudi nimechoka natazama mpira, yeye yuko pembeni na kinanda chake, sauti inamwingia peke yake, hatusumbuani.

—Miezi yote sita?

—Vidole navisikia, akasema Fundi Kufuli. Vinagonga. Tok, tok.

—Na mama yake?

—Zamu.

Mgeni akageuza macho kwa Bibi Pindo, bila ubaya, kama mtu anayemalizia kuhesabu waliomo chumbani. Bibi akauondoa mguu kwenye pedali. Mabega ya mjukuu wake aliyajua kwa futi na bila futi. Alijua mkono wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa upana wa kidole. Wiki hiyo mtoto alisimama juu ya meza hii mara tatu kupimwa gauni, ameegemea bega la bibi yake, na vidole vikawa vinatembea hapo begani, vinakwenda, vinarudi, vinaanza upya palepale. Na mara zote tatu alimwambia, tulia, utachomwa na pini.

—Hata hivyo, akaanza Refa, kusikia si hoja. Hoja ni kwamba...

Akainamisha birika kwenye kikombe. Likatoa tone moja, likakauka.

Bibi Pindo akavua subana ya kukingia sindano kidoleni. Akaipokonya ile karatasi mkononi mwa mkwewe, akachukua koti msumarini.

—Mama, ni saa kumi na dakika ishirini na tano. Unakwenda wapi?

—Kwako, kwa mtoto. Kuchomoa hedifoni.

—Na wimbo? Nyepesi zote tumeshazikata!

—Mmezikata kwa kalamu. Atakaoupiga nikausikia mpaka mwisho, huo ndio nitakaoupeleka.

—Na kama ni wa bata? akauliza Projekta, kwa uchungu wa kweli.

—Na suruali yangu, mama? akauliza fundi bomba.

—Wewe nisubiri. Na wakikuuliza kitu, usiwajibu.

Akatoka. Mvua ikamgonga usoni, na kabla Refa hajatoa uamuzi mwingine, Bibi akauvuta mlango, ukafungika.