Chungu cha Benji

Benchi letu liko nje ya duka la kufulia la Kewal, Bordesley Green, pale bomba la mashine za kukaushia linapotoa hewa ya moto. Hata baridi ya Februari 2004 haikutubandua, maana miguu ilipata joto la bure. Siku hiyo tulikuwa wanne, na mbwa. Mbwa ni wa Bi Doreen, jirani yake Idarous, bibi wa Kiingereza aliyevunjika nyonga akalazwa. Idarous na mkewe walipofika kutoka Unguja, bibi huyo ndiye aliyewapa hita na mablanketi, basi alipoomba atunziwe Benji, Idarous hakuweza kukataa. Wiki ya sita sasa anamtembeza kwa kamba ndefu, mkono ndani ya glavu, hajamgusa kwa kuogopa najisi. Ijumaa Bi Doreen anarudi, na mbwa amelegea.

— Anakula, alisema Idarous akitumiminia kahawa ya tangawizi. Lakini ngazi tatu zinamshinda. Na fizi zimekuwa nyeupe. Mie n'mepewa amana ya watu, jamani, n'tamwambia nini?

— Unamlisha makopo? aliuliza Haroun wa Mombasa. Tunamwita Daktari kwa kuwa anasukuma vitanda hospitalini.

— Makopo yaliisha zamani. Na siku zangu za kazi kule ghalani Nechells zimepunguzwa. N'kaona bora ale chakula cha nyumbani, kisafi, kisicho na dawa za kiwandani. Pilau ikibaki, yake. Mchuzi ukibaki, wake.

— Basi hapo damu imepungua, alisema Daktari. Mpe maini. Yakaange vizuri, kitunguu kiwe kingi, na nyanya.

Gaston wa Bukavu alicheka. Huyo ni Kamanda, kwa ajili ya koti lake la kijeshi.

— Maini ni ya mgonjwa wa hospitali, bana. Kwetu mbwa anakula sombe, kisamvu chenu, na mawese. Bibi yangu alikuwa na moja, ikibweka, kilima chote kinaamka.

— Huyu Mwingereza, Kamanda, alisema Daktari. Sombe ataijulia wapi?

— Kwani pilau aliijulia wapi?

Tulimtazama Benji. Alikuwa amelaza kidevu kwenye bomba, macho nusu wazi.

— Mimi naona ni huzuni, nilisema. Wiki sita anasemeshwa Kiswahili.

— Si huzuni, alisema Daktari. Ni mgomo. Amesikia bibi anarudi, na bibi akirudi makopo yanarudi. Keshazoea pilau, wallahi. Anagoma mapema.

— Kama ni mgomo, lazima tumpe kiongozi wa mgomo kitu, alisema Kamanda. Mpikie biriani, muongee.

Idarous hakucheka. Mlango ukafunguka, akatoka Immaculée na mfuko wa mashuka. Anafanya usafi kwenye kliniki ya wanyama, na sisi hatukuwahi kumuuliza lolote kuhusu kazi hiyo. Akachuchumaa, akainua mdomo wa Benji, akatazama fizi.

— Hivyo vyote mumetaja, alisema, kipi hakina kitunguu?

Daktari akahesabu kwa vidole. Pilau, mchuzi, maini, sombe ya bibi yake Kamanda, biriani. Nilipita jikoni kwetu kichwani, chungu kwa chungu, sikupata hata kimoja kisicho na kitunguu.

— Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, papa Idarous. Kibichi, kilichopikwa, yote ni moja. Daktari wa kliniki yetu anauliza hiyo kwanza. Baadaye utamchemshia wali mtupu, kuku bila mifupa, karoti. Si bei kali. Lakini leo anataka dawa. Twende, hawajafunga.

— Atapona?

— Sijui. Twende.

Idarous akavuta kamba. Benji akasimama, miguu ikatetemeka, akalala tena. Basi Idarous akavua glavu, akainama, akambeba kifuani kama mtoto, mate yakamtiririkia kolani.

— Sheikh, koti lako, alisema Daktari.

— Litaoshwa.

Niliona haya. Saa nzima tulikuwa tumekaa na mgonjwa tukishindana kumpikia. Kahawa ilipoa, hakuna aliyeigusa.

— Uji, alisema Kamanda mwishowe. Uji hauna kitunguu.

Lakini walikuwa wamekwishakata kona.