Kipande Chenye Mwenyewe: Kumuaga Muuguzi Hilaria Mtenga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi Hilaria Mtenga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza wodi ya wazazi akiwa binti mwembamba, akahamia wodi ya wanaume, na miaka hii ya mwisho amekaa kwenye meza ndogo kando ya dirisha la dawa, akiwaaga wagonjwa walioruhusiwa. Meza hiyo imeanza kututia simanzi hata kabla hajaiacha.

Mgonjwa hatoki mpaka aeleze kwa mdomo wake dawa ipi anameza lini. Noah ya abiria wa Himo ipige honi getini mpaka ichoke, Hilaria hana habari. Saa ya ukutani hakuitegemea sana: asubuhi ni ukishakamua ng'ombe, jioni ni ukishawapa majani. Madaktari vijana walimtania kwamba anawaandikia dawa ng'ombe, naye alicheka kuliko wao.

Lakini meza ile ilitokana na uchungu. Mzee Ildefonce wa Kilema aliruhusiwa na dawa za presha za mwezi mzima. Alipofika nyumbani na kujiona mzima, aliwaita kaka zake akawagawia vidonge kwa ukubwa wao, kama ukoo unavyogawana mbuzi. Wao nao walisema vichwa huwauma. Haukupita muda akarudishwa kwetu, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki. Mkewe, Theodora, alipoulizwa dawa zimekwenda wapi alishangaa: tangu lini mtu akala kizuri peke yake na kaka zake wapo? Hilaria ndiye aliyekuwa amemruhusu. Alilia mbele yetu sote.

Mungu si Athumani. Mzee alipona, ingawa mguu mmoja ulibaki mzito. Siku ya kurudi nyumbani Hilaria alipanda naye mlimani hadi kihambani, kwenye nyumba na migomba ya ukoo, ambako ukoo ulikuwa umechinja mbuzi wa shukrani. Alingoja nyama igawiwe juu ya majani ya mgomba, kila kipande na mwenyewe, kisha akamuuliza kaka mkubwa, Mzee Filemon, ingekuwaje mtu akila kidari cha mwenzake. Filemon aliwaka: hiyo ni dharau ya kuvunja ukoo! Hapo Hilaria akaiweka pakiti ya dawa kwenye jani, katikati ya nyama, akasema hiki nacho ni kipande cha Ildefonce. Watu walicheka, ila walielewa. Wiki iliyofuata kaka zake walishuka kliniki kupimwa, na waliokutwa na presha wakapewa dawa zao wenyewe.

Tangu hapo hakuna anayetoka hospitalini kwetu bila mtu wa nyumbani kuketi na kusikiliza pamoja naye. Mzee Ildefonce bado anatembelea mkongojo wake. Kila Desemba, watoto wakirudi kutoka mijini na mbuzi akichinjwa, kipande kimoja hufungwa kwenye jani kikaletwa kwa Hilaria.

Dada Hilaria, asante. Tusifiche, tumeshaanza kukukumbuka. Asubuhi tutatega masikio koridoni tusisikie kile kicheko. Muuguzi mwenzetu Doris atakaa mezani pako, na ataweza, maana umemfundisha wewe, lakini pengo unaloliacha lina mwenyewe.

Wanasema mganga hajigangi. Dawa zako za presha tulikuwa tukikukumbusha sisi, kila siku, nawe ukitufokea kwamba unajua. Tuliingiwa na hofu nani atakukumbusha huko Kilema ulikojenga. Theodora amesikia, na ametutuma tukwambie kwamba atapita kwako kila asubuhi akishakamua ng'ombe, wala hatabanduka mlangoni mpaka umeze.

Kahawa yako izae, wajukuu wakuchoshe, na Mungu akutunze kama ulivyowatunza wetu. Na Theodora akibisha, mfungulie mlango.