Bahasha ya Darlène

Mmeshagawana sufuria zangu, au mnangoja nikate roho kwanza? Usinitazame hivyo, Jeptoo, nimekusikia jikoni ukimwambia kaka yako kwamba ile kubwa ya ugali haitaingia kwenye gari lake aifikishe kwake Brampton. Chukueni zote. Sikilizeni, wanangu, na wewe Dative uliyekaa mlangoni kama mgeni, sogea, sina tena sauti ya kufika huko, na kuna jambo lako ambalo nisipolisema leo nitazikwa nalo.

Wayne, chini ya kitanda kuna kopo la herufi. Ulikuwa na miaka sita tulipoanzisha darasa la Kiswahili la Jumamosi, huku ugenini, hapa Weston, chumba cha chini cha kanisa, mimi na digrii zangu, Dative na subira yake, na ninyi watoto mkitujibu kila kitu kwa Kiingereza. Tulinunua herufi za plastiki, tukakuta kila pakiti ina a moja tu. Sasa mtoto ataandikaje mama? Tukakata nyingine kwenye maboksi ya nafaka, tukicheka hadi mkasi unatuponyoka. Mtoto anashika m, anaisogezea a mpaka zinagusana, anatamka ma, kisha anainua macho kana kwamba sauti hiyo kaivumbua yeye. Nimefundisha chuo kikuu, wanangu, na hakuna mwenye ndevu aliyewahi kunitazama hivyo.

Ikaja siku ya wazazi. Kila mtoto na bahasha yake, ndani herufi za neno analolijua. Bahasha alizijaza Dative. Darlène, binti yake, alikuwa hodari kuliko wote. Wewe Wayne, mtoto wa mwalimu, ulikuwa bado unahangaika na neno paka. Basi Darlène akamwaga herufi zake mezani, akatafuta, akatafuta mpaka chini ya kiti, akaangua kilio mbele ya watu wote. Wakanong'ona: huyu mama vipi, hata bahasha ya mwanawe kasahau kuijaza sawasawa! Naye Dative akaamini. Akaniomba msamaha, mimi! Jumamosi iliyofuata hakuja, darasa likafa, na miaka ishirini sasa tunasalimiana kanisani kama watu waliopanda basi moja.

Usinikatize, Wayne, "pumzika, Mum" ya nini. Nitapumzika vya kutosha. Nipe maji.

Nizikeni hapahapa, msichangishe watu nauli ya maiti. Nguo zipelekeni kanisani. Kopo ni la Dative. Akitaka kuwafundisha watoto wenu, afundishe, asipotaka, msimsumbue. Mungu awape watoto wabishi, na... na masikio ya kuwasikiliza. Pendaneni.

Nishike mkono, Dative. Usiseme kitu, pumzi imebaki kidogo. Hukusahau. Asubuhi ile, ulipokwenda kupanga viti... nilifungua bahasha ya Darlène, nikatoa irabu zote, nikazitia mfukoni, ili mwanangu asionekane wa mwisho. Ni mimi, Dative. Nilifanya mimi.